Nafuu ya kodi kwa kinu cha nyuklia ni fedha za umma

Katika hesabu za mwaka wa fedha uliomalizika Juni 2020, kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ilitangaza jambo ambalo mtu asiyezoea uhasibu angelidhani ni kosa la wapiga chapa. Faida yake kabla ya kodi ilikuwa kiasi cha shilingi bilioni 13.8. Baada ya kodi, faida hiyo haikupungua bali iliongezeka, ikafikia karibu shilingi bilioni 18.4. Yaani mtoza ushuru alipomaliza kupita katika vitabu vya kampuni hiyo, aliiacha na utajiri zaidi kuliko alivyoikuta.

Hapakuwa na wizi wala mazingaombwe. Mwaka 2019 KenGen ilikuwa imekamilisha mtambo wa mvuke wa Olkaria V, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 160, na sheria ya kodi ya mapato ilimruhusu mwekezaji wa namna hiyo kukata gharama ya mitambo yake katika mapato yanayotozwa kodi. Isitoshe, mwaka huo wa 2020 kiwango cha kodi ya makampuni kilikuwa kimeshushwa kwa muda kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa sababu ya janga la korona. Mambo hayo mawili yakaifanya safu ya kodi isomeke kama pato mahali ambapo sisi wengine tumezoea kuisoma kama gharama.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu Kenya imekuwa ikijiandaa kujenga kinu cha nyuklia. Kamati ya kwanza ya kulishughulikia jambo hilo iliundwa mwaka 2010, ikawa Bodi mwaka 2012, na kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikawa Wakala wa Nishati ya Nyuklia, NuPEA. Mpango uliotangazwa ulikuwa wa kinu cha megawati 1,000 pale Uyombo, Kaunti ya Kilifi, ujenzi uanze mwaka 2027 na umeme upatikane mwaka 2034. Wakazi wa Uyombo walikataa, wakaandamana mwaka 2024, na mwaka uliofuata macho ya serikali yakaelekea Siaya, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Mahali panaweza kubadilika tena, lakini haibadiliki hali moja: sehemu kubwa ya gharama ya umeme wa nyuklia hutumika kabla taa ya kwanza haijawaka. Fueli yake ni rahisi ikilinganishwa na dizeli. Kilicho ghali ni chungu cha kinu, majenereta ya mvuke, mapampu, tabo na kuta za zege, pamoja na riba ya miaka yote ya ujenzi. Kwa hiyo yeyote atakayekuja kujenga atabisha hodi Hazina mapema kuomba nafuu ya kodi kwa mitambo yake, naye ataeleza kuwa nchi nyingine zinatoa.

Kweli zinatoa. Swali ni nani huilipia nafuu hiyo. Katika jambo hili sisi wakazi wa Machakos, ambao hatutarajiwi kuona kinu chochote cha nyuklia karibu nasi, tuna uzoefu unaofaa kusikilizwa.

Tazama Athi River. Kutoka katikati ya Nairobi ni kilomita zisizofika 35, na mgeni anayeingia kwa barabara ya Mombasa hawezi kutambua jiji limeishia wapi. Kwa sheria ya kodi, hata hivyo, mpaka huo ulikuwa na thamani kubwa. Kuanzia mwaka 2010 hadi Aprili 2020, mwekezaji aliyetumia shilingi milioni 200 au zaidi kwa majengo na mitambo ya kiwanda nje ya jiji la Nairobi na manispaa za Mombasa na Kisumu aliruhusiwa kukata asilimia 150 ya gharama hiyo. Kabla ya hapo palikuwa na Sheria ya Maeneo ya Viwanda vya Bidhaa za Kuuzwa Nje ya mwaka 1990, ambayo eneo lake mashuhuri kabisa liko papo hapo Athi River: miaka 10 bila kodi ya mapato, kisha miaka 10 mingine ya kutozwa asilimia 25.

Hebu tuipige hesabu ya asilimia 150, kwa kuwa ndani yake mna siri inayowapita wengi. Kiwanda kikinunua mashine za shilingi bilioni moja, kinakata bilioni moja na nusu katika mapato yake. Kodi ikiwa asilimia 30, kiwanda kimeokoa milioni 450. Bila ya sheria hiyo, kiwanda kingelikata gharama ya mashine kidogo kidogo kadiri zinavyochakaa, na mwishowe kingeliokoa milioni 300. Zawadi halisi, basi, ilikuwa milioni 150, pamoja na faida ya kuzipata fedha zote mapema. Makato ya asilimia 100 hayana zawadi nyingine ila huo wakati: Serikali inakubali kungoja, na anayengojewa anafanya biashara kwa fedha ambazo zingelikuwa za Hazina.

Nia ya sheria hiyo ilikuwa njema, nayo ni kuvitoa viwanda mijini vikaajiri watu wa mashambani. Lakini sheria ilimtaka mwekezaji avuke mpaka tu. Aliyevuka hatua tatu na kusimama Athi River, penye reli, barabara kuu na soko la Nairobi mlangoni, alihesabiwa sawa na ambaye angelikwenda Masinga au Mwingi. Sisemi kodi ndiyo iliyovileta viwanda vyote vya saruji na chuma vilivyoko Mavoko. Kiwanda cha East African Portland kilikuwapo miongo mingi kabla. Nasema tu kwamba Masinga na Mwingi bado zinangoja.

Sasa mfikirie fundi wa kuchomelea vyuma katika mji wa Machakos, ambaye mauzo yake kwa mwaka yanapita shilingi milioni moja. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilimpandishia kodi ya mauzo kutoka asilimia 1 hadi 3. Kodi hiyo hutozwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Akinunua mashine mpya ya kuchomelea kwa mkopo wa chama, hakuna hata senti ya gharama hiyo anayoruhusiwa kuikata, isipokuwa aombe kuhamia utaratibu wa kawaida wenye vitabu vya hesabu na ada ya mhasibu. Fundi huyu na kiwanda cha Athi River wote wamenunua mitambo, na wote wamewekeza nje ya Nairobi. Mmoja alipewa asilimia 150, mwingine hakupewa kitu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba nafuu ya kodi ni matumizi ya serikali kama yalivyo matumizi ya kununua dawa au kuweka lami. Tofauti ni kwamba fedha za dawa husomwa Bungeni na kupigiwa kelele kila mwaka, ilhali fedha za nafuu hazisomwi na mtu. Pengo linalobaki hujazwa na wasio na nafuu.

Wamarekani wamelipitia jambo hili kwa vinu vya nyuklia, tena kwa gharama kubwa. Sheria yao ya nishati ya mwaka 2005 iliahidi punguzo la senti 1.8 za dola kwa kila uniti ya umeme itakayozalishwa na vinu vipya, kwa miaka minane ya kwanza. Hilo ni punguzo la kodi yenyewe, si makato katika mapato: kampuni ikidaiwa kodi ya dola 100 na ikiwa na punguzo la dola 30, inalipa 70. Kampuni za umeme zikaingia kazini. Huko South Carolina, ujenzi wa vinu viwili vya V.C. Summer uliachwa Julai 2017 baada ya kumeza takriban dola bilioni 9. Wateja wa umeme waliumia, maana sheria ya jimbo ya mwaka 2007 iliruhusu watozwe katika bili zao kabla vinu havijakamilika. Lakini punguzo la senti 1.8 halikumgharimu mlipa kodi wa taifa chochote, kwa kuwa hakuna uniti hata moja iliyozalishwa.

Huko Georgia vinu viwili vya Vogtle vilikamilika, kimoja Julai 2023 na kingine Aprili 2024. Vilichelewa kwa miaka kama saba, na gharama iliyokadiriwa dola bilioni 14 ikapita bilioni 30. Hapa pia punguzo lilihesabiwa kwa umeme uliotoka. Gharama ilipozidi maradufu, punguzo halikuongezeka hata kidogo.

Mwaka 2022 Wamarekani walipitisha sheria nyingine, na hii ndiyo nadhani itanukuliwa kwetu na wanaotaka nafuu. Pamoja na mengine, inamruhusu anayejenga kinu kipya kuchagua punguzo la hadi asilimia 30 ya gharama ya mtambo, mradi atimize masharti ya ujira na mafunzo kwa wafanyakazi. Akiununua chuma cha nyumbani, au akijenga mahali ambapo migodi ya makaa imefungwa, huongezewa. Kwa kuwa mashirika mengi ya umma hayalipi kodi ya mapato, sheria hiyo inaruhusu yalipwe fedha taslimu. Waliitunga kwa uangalifu, na masharti yake kuhusu wafanyakazi ningeliyaiga bila kusita. Lakini ina kasoro moja ambayo nchi tajiri inaweza kuivumilia na sisi hatuwezi: asilimia ya gharama humlipa zaidi aliyetumia zaidi. Mjenzi aliyefuja hupata nafuu kubwa kuliko mjenzi aliyebana.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Gharama iliyokuwa ikitajwa hadharani kwa kinu cha Kenya ni karibu shilingi bilioni 500. Asilimia 30 ya fedha hizo ni bilioni 150. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, kaunti zote 47 ziligawana bilioni 385.4 kutoka Hazina ya taifa kwa hospitali, zahanati, barabara za vijijini, shule za chekechea na mishahara ya wafanyakazi wake wote. Punguzo la kinu kimoja, basi, lingelipita thuluthi ya mgao huo wa mwaka mzima. Gharama ikizidi maradufu kama ya Vogtle, punguzo litakuwa bilioni 300, na hapatakuwa na mbunge aliyeinua mkono kuipitisha bilioni hata moja ya nyongeza hiyo.

Mgala muue na haki yake mpe. Watetezi wa nafuu wana hoja, na Olkaria ndiyo shahidi wao bora. Mvuke wa Bonde la Ufa ulihitaji fedha nyingi mwanzoni, kama nyuklia, na nafuu ya kodi ilisaidia kuziba pengo hilo. Manufaa yake tumeyaona hapa hapa. Mitambo ya dizeli nzito iliyojengwa Athi River kati ya mwaka 2014 na 2015, ule wa Gulf wa megawati 80 na ule wa Triumph wa megawati 83, ni ghali kuiendesha, na kila uniti ya mvuke iliyochukua nafasi ya uniti ya dizeli ilimpunguzia mteja gharama ya fueli katika bili. Tena KenGen ni ya umma kwa asilimia 70, hivyo sehemu kubwa ya nafuu ilirudi katika mfuko uliotoka. Mtu akiniuliza kama nafuu ya Olkaria ilikuwa halali, nitamjibu ndiyo, bila kumung'unya maneno.

Je, kinu cha nyuklia kitakuwa cha nani? Misri inajenga vinu vinne huko El Dabaa kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25, na vinu vitakuwa mali ya dola ya Misri. Uturuki, kwa mkataba wa mwaka 2010, iliiachia kampuni ya Urusi ijenge, imiliki na kuendesha kinu cha Akkuyu, nayo ikaahidi kununua sehemu ya umeme wake kwa senti 12.35 za dola kwa uniti kwa miaka 15. Kwa njia ya Misri, nafuu ya kodi ni serikali kutoa shilingi mfuko wa kulia na kuitia wa kushoto. Haina haja, labda kwa kupamba hesabu. Kwa njia ya Uturuki, nafuu humwendea mwenye kinu, na bei ya umeme ikiwa imekwisha kuandikwa katika mkataba, hakuna kinachomlazimisha kumpunguzia mteja hata senti. Tumeshayaona hayo katika mikataba ya dizeli, ambapo kampuni hulipwa kwa kuwa na mtambo tayari hata siku ambazo mtambo umelala.

Kuna jambo jingine ambalo nafuu kwa mitambo hulificha. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima, kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliingia gizani. Kampuni ya Kenya Power ilieleza kuwa mkasa ulianza kwa kupotea ghafla kwa megawati 270 za mtambo wa upepo wa Turkana. Mapema mwaka 2025 matumizi ya juu kabisa ya umeme nchini yalikuwa kiasi cha megawati 2,300. Wataalamu wa nyuklia wamezoea kushauri kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi nzima, ili ukizima usiuangushe mfumo wote. Cha megawati 1,000 kingelizidi asilimia 40. Kwa hiyo kabla ya kinu kikubwa, au badala yake vinu vidogo vidogo, panahitajika nyaya, transfoma na vituo vya kupozea umeme kwa fedha nyingi mno. Nafuu inayotazama kinu peke yake humvuta mwekezaji kwenye chuma kinachong'aa na kuiacha milingoti iendelee kuoza.

Ningelipenda kuona sheria ya namna gani? Kwanza, kama nafuu ni ya lazima, ihesabiwe kwa uniti zilizofika kwenye gridi, kwa miaka inayojulikana na kwa kikomo kinachotajwa kwa shilingi. Mtambo usipofanya kazi, mlipa kodi asidaiwe. Ukigharimu maradufu, mjenzi aubebe mzigo wake. Pili, mkataba wa kununua umeme utaje kwa maneno wazi kwamba kila shilingi ya kodi iliyosamehewa itapunguzwa katika bei. Tatu, maadamu mabaki ya nyuklia yatahitaji kulindwa muda mrefu baada ya kila mmoja wetu kuzikwa, nafuu isiguse fedha za kukibomoa kinu na kuyatunza mabaki hayo. Hizo ziwekwe kando tangu uniti ya kwanza. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 201, inataka mizigo na manufaa ya fedha za umma yagawanywe kwa haki kati ya kizazi kilichopo na vizazi vijavyo.

Tena sheria hiyo iwe imara. Mwaka 2020 serikali iliondoa msamaha wa ushuru wa VAT kwa vifaa vya umeme wa jua na upepo, na mwaka 2021 ikaurudisha. Ndani ya mwaka huo mmoja, mkulima wa Yatta aliyekuwa akidunduliza fedha za pampu ya sola aliikuta bei imepanda, na jirani yake aliyechelewa akaikuta imeshuka. Makato ya asilimia 150 nayo yalifutwa Aprili 2020, yakafuatwa na nusu ya gharama kwa mwaka wa kwanza, kisha katika miaka iliyofuata sheria ikalegezwa tena kwa wawekezaji wakubwa walio nje ya Nairobi na Mombasa. Wenye mawakili hulijua kila badiliko kabla wino haujakauka. Mkulima wa pampu hulijulia dukani.

Sheria ya kuyadai haya tayari tunayo. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba kodi ikisamehewa, iwekwe kumbukumbu ya wazi kwa umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kifungu hicho hakikutenga kilicho kikubwa na kidogo, wala hakikusema kwamba mitambo ya umeme ni siri ya biashara. Muswada wa kwanza utakaotaja kinu cha nyuklia na kodi ufikapo Bungeni, wabunge wetu wa Machakos wanaweza kuanza kwa kuuliza ukurasa upi wa kumbukumbu hiyo utabeba jina la mwenye kinu, na ni kiasi gani kitakachoandikwa mbele yake.